Sungura Hasemi

Jioni ile dada yangu alinituma jani. Jani moja tu, kutoka Bustani ya Chini.

Nilikuwa chumba cha kukaushia, nageuza mizizi juu ya vichanja vya waya, jasho likinitiririka kwa joto la majiko ya mkaa. Dada alisimama mlangoni na koti lake jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Akaniangalia kitambo. Kisha akatabasamu.

"Mdogo wangu, acha hiyo mizizi. Kimbia bustani ya chini kabla jua halijazama."

"Bustani ya chini? Mimi?"

"Wewe. Kwani wewe si mtu?"

Akacheka, nami nikacheka. Mimi na dada tulikuwa na kicheko kimoja. Watu wa kituo walikuwa wakisikia mmoja wetu anacheka nyuma ya ukuta, hawajui ni nani.

Kituo kilikuwa cha serikali. Miaka ile serikali ilikuwa imeamua kujua kila mti unaoponya na kila mti unaoua katika nchi nzima. Hospitali zilikuwa hazina dawa za kutosha, na mahakamani kesi za watu waliolishwa sumu zilikuwa zinakufa kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia hakimu ni sumu gani. Basi waganga wakaitwa, wakunga wakahojiwa, magunia ya magome na mizizi yakapandishwa kilimani kwa lori. Sisi tulikausha, tukabana majani kati ya magazeti, tukachemsha, tukachuja, tukawanywesha sungura.

Bustani zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa ya dawa, na kila mtu alipita humo akipiga soga. Ya chini ilikuwa ya sumu. Ilizungushiwa waya, ina mlango wa mbao, na juu ya mlango kuna fuvu la rangi nyekundu lililochorwa na mtu asiyejua kuchora. Lilionekana kama linacheka. Vibarua walikataa kata kata kuingia mle. Hata hivyo bustani ile haikuwahi kuota magugu. Mistari ilikuwa safi kama imepigwa rula. Dada alisema sumu yenyewe inaua magugu. Tukaamini. Nani angebishana na Kamusi?

Kamusi ndilo jina walilompa. Alikuwa amesoma, tena amesoma vizuri, na meza yake ilikuwa jirani na ya Daktari, mkuu wa kituo. Lakini wasomi walikuwepo wengi. Kilichompa jina ni taarifa zake. Wenzake wakiandika waliandika kwamba sungura alitetemeka, sungura alianguka, sungura alikufa. Dada alieleza mtu anavyojisikia. Kwamba kwanza midomo inawasha kama imepakwa pilipili. Kwamba baadaye kila kitu mbele ya macho kinakuwa na ukingo wa manjano. Kwamba kabla magoti hayajaisha nguvu, mtu husikia sauti ya maji yanayomwagika, na maji hayapo.

Daktari alikuwa akisoma anatikisa kichwa kwa furaha. Hakumuuliza hata siku moja amejuaje.

Kwangu mimi, Kamusi alikuwa mama. Mama mzazi alifariki nikiwa sijui hata kufunga kitenge. Akiwa kitandani alichukua mkono wangu akauweka ndani ya mkono wa dada, akakata roho. Dada akanilea. Alinibeba mgongoni akienda kuteka maji, akanifundisha kusoma kwa kijiti mchangani, akanipigania kwa majirani. Tulizaliwa watatu, yeye, kaka, na mimi kitinda mimba. Alipopata kazi kituoni alinitafutia na mimi nafasi, akamchukua na shangazi yetu tukaishi pamoja katika nyumba za wafanyakazi.

Shangazi alilala mzima akaamka maiti. Mvua zilipokwisha, kaka akaja likizo kutusalimia. Alikula chakula cha jioni, akatania, akalalamika kwamba ulimi wake ni mzito. Alfajiri tukawa tunamlilia. Kaburini dada alilia mpaka akazimia, mimi ndiye niliyemshika.

"Tumebaki wawili," aliniambia. "Nitakulinda kama mboni ya jicho langu."

Basi mtu kama huyo akikutuma jani, utasema nini?

Alinieleza vizuri. Mmea uko mwisho kabisa, karibu na ukuta, una maua meupe yanayoinama. Nisichukue taa. Nichume kwa mkono mtupu.

"Na ukishalichuma, ling'ate ncha. Kidogo tu, uteme. Likiwa chungu, bado changa. Likiuma ulimi, limekomaa, niletee."

"Lakini dada, si ni sumu?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Mimi nikupe sumu?"

Nikaona haya. Nikachukua ufunguo.

Mlangoni pa bustani nilimkuta mlinzi tuliyemwita Kufuli, jitu nene lenye utani mwingi. Kila akiniona aliniita mchumba, akiniuliza mahari ni magunia mangapi ya mizizi. Jioni ile hakuniita mchumba. Aliutazama ufunguo mkononi mwangu.

"Nani kakutuma?"

"Dada."

"Dada wa kuzaliwa?"

"Kufuli, acha mzaha, jua linazama."

Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. Akanong'ona.

"Ukisikia jembe, rudi. Usitake kujua anayelima ni nani."

"Nani analima humu?"

"Binti, zimwi likujualo..." Hakuimaliza methali. Akageuka, akaanza kutembea upesi kuelekea lango kuu, na mtu mnene hatembei upesi bila sababu.

Niliingia.

Mle ndani kulikuwa kimya. Kule juu nilikuwa nimeacha ndege wakigombea matawi ya kulala. Humu hapakuwa na hata mmoja. Harufu ya udongo uliotoka kugeuzwa ilinijaa puani, na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya shuka lililokunjwa likiwa bichi, likasahauliwa sandukuni. Nilitembea katikati ya mistari nikikwepa majani yasiniguse. Anga lilikuwa bado na wekundu kidogo. Niliuona mmea. Maua meupe, yameinama kama watu walioambiwa habari mbaya.

Nikachuma jani. Lilikuwa na ubaridi kama pua ya mbwa.

Nikalipeleka mdomoni...

Chwaa.

Nikasimama.

Chwaa... chwaa...

Jembe.

Mistari michache kutoka nilipo, mtu alikuwa ameinama analima. Sikuona uso. Nikajiambia ni kibarua, hatimaye wamepata kibarua. Ulimi ukiwa na adabu husema hata ukiogopa, nikajisikia nasema, "Za kazi?"

Hakuna jibu. Lakini upande wa pili kitu kikasogea. Mwanamke alikuwa amechuchumaa, anang'oa magugu kwa vidole, anayaweka kwenye upande wa shuka alilojifunga. Shuka lilikuwa na kiraka cha bluu begani. Kiraka kile nilikishona mimi. Nilikishona usiku wa msiba, kwa sababu shuka tulilokuwa nalo lilikuwa na tundu, na sikutaka shangazi yangu azikwe na tundu.

Jembe likanyamaza.

Aliyekuwa analima akanyoosha mgongo. Akageuka.

Kaka.

Sikuona mzuka wa kupepea hewani kama wa hadithi za watoto. Alikuwa na uzito. Alikuwa na udongo magotini. Macho yake yalikuwa wazi bila kupepesa, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla asiyejua yuko chumba gani. Kwenye mkono ulioshika jembe lilikuwepo kovu la maji ya moto, alilolipata alipoisukuma sufuria isiniangukie nikiwa mtoto. Tangu utotoni nilisikia habari za misukule, wafu ambao mchawi huwaita kwa jina, na wakiitika huwaiba makaburini wakalime mashamba yake. Nilikuwa nikizicheka.

Akaja. Akasimama mbele yangu akafungua kinywa, na mle ndani ulimi wake ulikuwa kipande cheusi kilichokunjamana, kama mzizi uliosahauliwa kwenye kichanja. Hakikutoka kitu ila hewa. Akaliangalia jani. Akaiangalia midomo yangu.

Akalipiga jani likaanguka. Akalisagia chini kwa kisigino, taratibu, mpaka likaisha.

Kisha akanyanyua kidevu kuonyesha mlangoni, nyuma yangu.

Nyayo zilikuwa zinakuja. Kaka aliposikia zile nyayo akarudi mbio kwenye mstari wake, akainama, akaanza kulima kwa haraka kama mtoto aliyesikia mwalimu anakuja.

"Umeonja?"

Sauti ya dada. Ya upole kabisa.

Sijui nani alinipa akili wakati ule. Nilijishika shingo.

"Nimeonja, dada."

"Kaa chini, mdogo wangu. Usijilazimishe kusimama."

Alikaa kwenye udongo, akanilaza, kichwa changu mapajani mwake, kama alivyokuwa akinilaza nikiwa na homa. Akatoa kalamu nyuma ya sikio na karatasi mfukoni.

"Midomo inawasha?"

"Kidogo."

"Ulimi?"

"Mzito."

"Unaona vipi? Kuna rangi?"

"Giza... giza linakuja."

Akaandika. Machozi yake yalikuwa yananidondokea kwenye paji la uso, ya moto, na mkono wake haukuacha kuandika.

"Dada, ninakufa?"

"Nyamaza. Haiumi kwa muda mrefu. Shangazi alisema haiumi kwa muda mrefu."

Kuna kitu kilikatika ndani yangu, nikakisikia kikikatika. Ningeweza kunyamaza, lakini nilitaka kujua. Hata mbuzi hutaka kumwangalia anayemshika.

"Kwa nini, dada?"

"Sungura hasemi," alisema. "Serikali inataka kujua mtu anahisi nini, na sungura hasemi. Aliyekwisha kufa hafi tena, unaona? Unampa hili leo, unampa lile kesho, anakueleza kila kitu. Lakini ndimi zao zinachakaa. Wa shangazi umekwisha kabisa. Wa kaka unakwisha." Akanipangusa jasho kwa pindo la koti. "Watoto wangapi watapona kwa ajili yenu? Wewe nilikuacha wa mwisho. Wewe ndiye ninayekupenda."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonivunja kuliko jani, kuliko jembe, kuliko kinywa cha kaka. Kama angekuwa ananichukia, ningepata mahali pa kulia.

"Nani alikufundisha haya?"

Alikuwa ananipapasa nywele.

"Kwani Mama alipoweka mkono wako mkononi mwangu," akasema, "ulidhani alinipa nikulee?"

Nikafumba macho. Sikuwa na haja tena ya kuigiza. Mwili wenyewe ulilegea kama wa mtu aliyekata tamaa ya kila kitu. Husemwa mchawi mpe mwana akulelee. Mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mwana mwenyewe naye siku moja huisikia methali hiyo.

Alinitoa mapajani, akanilaza chini. Nikamsikia anazunguka, anasimama upande wa miguu yangu. Udongo ulikuwa baridi. Jembe liliacha kulima.

Akaniita.

Hakuniita kwa jina la kituoni. Aliniita kwa jina la nyumbani, lile la uchanga, ambalo tangu mama afe lilikuwa linajulikana na sisi tu. Aliliita kwa sauti ya kuniita nikale. Maisha yangu yote niliitikia sauti ile. Ulimi wangu ulijinyanyua wenyewe mdomoni. Niliubana kwa meno mpaka nikaonja damu.

Akaniita tena.

Koo likafunguka. Nilihisi neno linapanda, linapanda...

"Abee..."

Si mimi.

Ilitoka kwenye mistari. Sauti nzito, iliyovunjika, ya mtu anayesema bila ulimi. Mwanaume akiitwa huitika naam. Kaka yangu aliitika abee. Aliitika kwa niaba yangu.

"Wewe nyamaza!" dada alifoka.

"Abee..." Hii ilitoka upande wa shangazi.

"Nyamazeni nimesema!"

Nilifumbua macho. Dada alikuwa amenipa mgongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliiona hofu mabegani mwake. Wawili wale walikuwa wanamjia polepole, jembe likiburutwa, chwaa, kila mmoja akiitika jina ambalo si lake. Abee. Abee. Sikungoja. Nilijizoa chini, nikaruka mistari, matawi yakanichapa, nikatoka, nikapanda kilima bila kuona njia.

Nyumba ya Daktari ilikuwa na taa. Alikuwa mezani na mkewe, wanakula. Niliingia bila kubisha, nikaanguka sakafuni, nikasema yote. Shangazi, kaka, jani, jina. Mke wa Daktari aliinuka na sahani yake akaenda jikoni. Daktari alinisikiliza vizuri. Hakucheka, wala hakuniambia nimerukwa na akili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Pole sana," akasema. Kisha akavuta kiti karibu, akatoa penseli mfuko wa shati. "Hilo jani. Ulipolishika, lilikuwasha mkononi? Au ulihisi ganzi?"

Nikaificha mikono kwapani.

"Jaribu kukumbuka," alisema kwa upole. "Ni muhimu."

Ndipo nikaelewa kwa nini hakuwahi kumuuliza dada amejuaje.

Alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, mshiko wa heshima lakini hauachii, akanirudisha mwenyewe nyumbani. Dada alikuwa mlangoni. Nywele zimechanwa, koti jingine safi. Kucha zake tu ndizo zilikuwa na udongo.

"Ana homa tangu mchana," alisema. "Anaweweseka."

"Nilidhani hivyo," alijibu Daktari.

Wakaangaliana. Nimewahi kuona watu wawili waliobeba jeneza pamoja wakiangaliana namna ile, kila mmoja akihakikisha mwenzake hajaachia.

Sikula. Sikunywa. Niliegemea ukuta na kisu cha jikoni mapajani, yeye akakaa kiti cha pili akishona kifungo. Nilijiambia atapitiwa na usingizi, lakini hakulala. Kulipoanza kupambazuka alikata uzi kwa meno, akasema bila kuniangalia:

"Kaka yako ameniudhi sana."

Maneno hayo ndiyo ya mwisho dada yangu kuniambia akiwa hai. Nimeishi nayo. Kila nikikumbuka, najiuliza alimfanya nini.

Alipoingia kuoga nilitoka. Lori la kupeleka magunia stesheni lilikuwa linawashwa. Kufuli aliniona, akatazama huku na huku, akafungua turubai.

"Panda. Jilaze katikati ya magome."

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua siku zote."

"Nilijua." Hakujitetea. "Wewe ndiye wa kwanza ninayemfungulia kutoka."

Nilikwenda mbali. Nilijifunza cherehani, nikapata chumba, nikawa fundi wa nguo za shule. Sikuolewa, mtu akinipikia nilikuwa nachungulia chakula, na hakuna ndoa inayovumilia hilo. Habari za dada nilizisikia redioni. Serikali ilimtunuku nishani. Zikatoka dawa za kituo, na ya kwanza kusifiwa ilikuwa matone ya degedege, yaliyotokana na mmea ambao zamani ulikuwa unajulikana kwa kuua tu. Mtoto wa jirani yangu aliletwa mikononi mwa mama yake akiwa amekakamaa, macho juu. Zahanati wakamdondoshea matone yale. Jioni yake nilimshika mwenyewe, mnene, anacheka, ananivuta hereni.

Nilishindwa kuichukia dawa. Nikamchukia dada zaidi kwa sababu hiyo.

Mwaka huu akafa. Kwa uzee tu, kitandani kwake, amezungukwa na wauguzi. Serikali ikanitafuta, ndugu pekee aliyebaki, ikaniletea gari. Nilikwenda. Sikuongozwa na mapenzi; nilitaka kumwona anaingia ardhini kwa macho yangu. Nikamwosha. Nikamvalisha. Walikuwa wamemnunulia viatu vyeusi vipya, vyenye kisigino kidogo, na mimi ndiye niliyevifunga mikanda. Watu walihutubia. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akalia, "Dada yako aliniokolea mwanangu." Nilisimama kama nguzo.

Daktari alikwisha kufa zamani. Kituo kilihamishiwa mjini, na Bustani ya Chini imejengwa nyumba za watumishi. Watoto wanaendesha baiskeli pale. Niliuliza waliochimba msingi kama walikuta kitu. Wakasema udongo tu, tena udongo mzuri.

Kufuli nilimkuta makaburini, amekonda, haoni, ameshikwa na bintiye. Aliijua sauti yangu. Nikamwinamia sikioni.

"Wako wapi?"

"Aliwahamisha. Sijui wapi." Akanitafuta mkono akaushika. "Lakini husemwa mwenyewe akifa, waliofungwa huachiwa. Hurudi kwao."

"Kwao ni wapi? Nyumba hakuna tena."

"Kwa mtu wao aliyebaki."

Nilirudi kwangu na neno hilo. Tangu siku hiyo, jua likianza kuzama naacha kushona. Natoa viti viwili, naweka maji, naacha mlango wazi. Majirani wanadhani nimezeeka vibaya. Nimeshapanga nitakayowaambia. Shangazi nitamwambia apumzike. Kaka nitamwambia... sijui. Mtu aliyeitika kwa niaba yako, unaanza na neno gani?

Juzi mvua ilinyesha. Usingizi ulinichukua kwenye kiti mapema, na asubuhi nilikuta barazani alama za matope. Wamekuja mpaka kizingitini, wakasimama muda mrefu, maana matope yalikuwa yamejaa pale mahali pamoja, kisha wakaondoka. Miguu mipana ya mwanaume, peku. Pembeni yake midogo ya mwanamke mzee, peku.

Nilipiga magoti nikaigusa. Nililia kwa furaha, nikambusu kaka yangu kwenye matope.

Kisha nikaona nyingine, nyuma yao kidogo, kama ya mtu anayechunga. Hii haikuwa peku. Ilikuwa na soli nyembamba na alama ndogo ya mviringo nyuma, ya kisigino.

Sasa hivi jua linazama. Nimeweka viti. Nimesimama na komeo mkononi, na nimeshindwa nifanye nini, maana wale wawili nataka kuwafungulia na yule mmoja nataka kumfungia.

Na mlango ni mmoja.